Bungua Kwenye Bawa la Salome

Ninyi vijana mliobaki pale ghalani mmenipigia simu wiki tatu mfululizo: Mzee andika, Mzee andika. Haya, naandika. Ila msije mkalalamikia mwandiko wala kurukaruka kwangu. Shule mimi niliishia darasa la nne, tena hilo la nne nililisoma nusu, nusu nyingine nilikuwa nafukuza ngedere kwenye mahindi ya baba huko Matiri. Mambo ya nani alipanda cheo na nani alipata nini sitayagusa. Hayo yako kwenye mafaili. Mimi nitaandika kazi.

Watu wa hapa mtaani huniuliza, "Eti Baba Kasiani, ni kweli wewe ulikuwa unatengeneza ndege hapa Mbinga?" Nawajibu hapana, nilikuwa natengeneza upepo. Wanacheka, wanadhani ni utani. Ninyi mnajua si utani.

Niwaeleze na wale ambao hawakuwepo tangu mwanzo. Chuo kikuu kilitaka kindege kidogo kisicho na rubani, kinachoweza kubeba damu na chanjo kutoka huku milimani kushuka mpaka vijiji vya ziwani. Ukisimama juu kwetu siku isiyo na ukungu ziwa unaliona, unadhani utalifikia kwa kunyoosha mkono. Nenda sasa kwa gari wakati wa masika, utaniambia. Kwa hiyo kindege. Lakini pale milima inapokatika kuelekea ziwani upepo unapanda ghafla, unakiinua kindege pua, na kikiinua pua sana hewa inaachana na bawa. Bawa lililoachwa na hewa ni ubao tu, na ubao angani hushuka. Viwili vilikuwa vimeshashuka hivyo, kimoja kwenye shamba la mihogo la mama mmoja ambaye mpaka leo anataka aombwe radhi. Ndipo wakasema: tusirushe tena, kwanza tulielewe bawa. Wakaja na bomba la upepo, wakaliweka kwenye ghala la zamani la kahawa, kwa sababu lilikuwa refu na lilikuwa tupu.

Mimi siku ya kwanza niliitwa kutengeneza mlango wa ghala tu. Nilimkuta Profesa, mtu mrefu, mkimya, kalamu nne mfukoni na zote zinaandika, amesimama mbele ya sanduku refu la mbao lenye pangaboi kubwa mwishoni.

"Samahani, Mheshimiwa," nikasema, "hili sanduku ni la nini?"

"La upepo, fundi."

"Upepo si uko nje, bure?"

Hakucheka. Baadaye nilikuja kugundua kwamba alicheka, ila yeye hucheka kwa ndani na huchukua siku mbili kutoka. Akanieleza kwamba upepo wa nje hauna adabu, unakuja kutoka huku, unageukia kule. Yeye anataka upepo unaokwenda moja kwa moja kama watu kwenye mstari wa kukomunika kanisani. Nikapitisha kiganja ndani ya lile sanduku. Maungio yalikuwa na ngazi, ubao mmoja juu, mwingine chini. Nikamwambia, "Fundi wako aliyepita alikuwa na haraka ya kwenda kunywa." Nikachomoa randa. Mlango ulikuja kutengenezwa mwezi uliofuata, na mimi sikuondoka tena mpaka mlipoimba wimbo ule mbaya wa kuniaga.

Mchoro nilikuwa siujui, nasema wazi. Profesa alinipa karatasi yenye bawa limezungukwa na tarakimu kama nzi. Nikamwambia nikatie boksi, kwa ukubwa wenyewe, niliguse. Akakata. Nikafumba macho nikalipapasa lile boksi juu na chini, mbele nene, nyuma kali kama kisu cha kukatia tumbaku, kesho yake nikamletea bawa la mbao. Akaliweka kwenye kipimo chake, akapima mara ya pili, akapima mara ya tatu. Kisha akasema, "Mzee, huyu aliyekufundisha ni nani?"

Aliyenifundisha ni Mzee Osmundi, Mungu amlaze pema, fundi mkuu wa karakana ya misheni enzi zile nikiwa kijana. Alikuwa mdogo wa umbo, mkali, na alinusa mbao kabla ya kuinunua kama mtu anayenusa mboga iliyolala. Kazi yako ukimpelekea alifumba macho akaipapasa. Jicho, alisema, hupenda kumfurahisha mwenye nalo, kiganja hakina rafiki. Na kosa ambalo hakusamehe ni tundu. Kiti chenye tundu la mdudu hakikutoka kwenye karakana ile, hata kiwe cha nani. Aliwahi kupasua meza nzima ya sakristia mbele yetu, kwa tundu moja dogo lililokuwa chini ambako hata padri asingeinama kuliona. "Mdudu," akasema, "anajua njia ya kwenda juu." Hilo liliniingia mpaka kwenye mifupa, na mtaona lilinifikisha wapi.

Sasa hiyo elimu yenyewe ya hewa. Msiogope, mimi niliielewa, nanyi mtaielewa. Tulikuwa tunabandika vinyuzi vifupi juu ya bawa, nyuzi za kufumia vitambaa, nilikuwa namwibia mke wangu. Pangaboi likizunguka, hewa ikishikamana na bawa, vinyuzi vinalala kimya, vyote vinaangalia nyuma. Ukiinua pua ya bawa kidogo kidogo, unafika mahali vinyuzi vinaanza kutapatapa, vingine vinageuka kuangalia mbele. Hapo hewa imeshaachia. Chini ya bawa kuna mizani inayosema bawa linavutwa juu kiasi gani, na wakati huohuo mizani inaanguka. Kazi yote ya utafiti ilikuwa hiyo: tufanye nini hewa isiachie mapema? Profesa alipokuwa akihangaika kunieleza, nilimwambia hiyo naijua. Sisi Wamatengo tunalima milima iliyosimama kama ukuta na udongo hauendi popote, kwa sababu ya ngoro. Unalaza majani kwa mistari, unafukia, panabaki vishimo mteremko mzima, na maji ya mvua yakija kwa kiburi yanakuta kishimo, yanakaa, yanapoa, yanaenda taratibu. Huyazuii maji. Unayagusa kidogo mahali pake kabla hayajapata nguvu. Profesa akatoa kalamu moja kati ya zile nne, akaandika. Tangu siku hiyo hakuniita tena fundi wa mlango.

Wanafunzi walikuja wengi, wakapita. Mmoja aliogopa baridi ya Juni akawa anashinda na blanketi kama mgonjwa. Mwingine alileta kinanda. Siwataji, wengine sasa ni wakubwa. Namtaja Salome tu, kwa sababu yeye mwenyewe ameruhusu, na kwa sababu nilikaribia kumharibia maisha.

Salome alikuwa binti wa ziwani, wa upande wa Liuli, mwembamba, mwenye sauti ya kuitia mtumbwi ulioko mbali. Alikuja kusomea ile shahada kubwa, ya kuitwa daktari asiyetibu. Asubuhi ya kwanza aliingia ghalani na furushi la usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Na huo mzigo?"

"Zawadi. Nimesikia watu wa milimani mnakula mahindi mpaka meno yanaota mistari."

"Na ninyi wa ziwani? Paka wote wa Mbinga watakufuata mpaka kanisani."

"Wanifuate tu, Baba, angalau nitakuwa na waumini."

Basi tukawa baba na mwana. Kwa kazi alikuwa mgumu kama mfupa. Wazo lake lilikuwa kutoboa bawa matundu madogo sana kwa juu, karibu na mbele, na kupuliza hewa ndani ya bawa itokeze kwenye matundu, iisukume ile hewa iliyochoka iendelee na safari yake ya nyuma. Mimi nilitengeneza bawa lenye uwazi ndani, mbao ya paina niliyoikausha mwenyewe darini miaka miwili. Nikaapa mbele ya Profesa: mbao yangu haijui mdudu. Salome alilipima kwanza likiwa zima, halina tundu, akaandika namba zake. Hewa iliachia mapema, kama alivyotegemea. Habari ya matundu nilikuwa naisikia kwa mbali, yakitajwa kwa Kiingereza, na mtu wa darasa la nne huwa haulizi sana. Hilo ni kosa langu la kwanza, liandikeni.

Wakati huo muda wake ulikuwa unakwisha. Chuo kilikuwa kimeshamwongezea muda mara mbili, na Profesa alimwambia mbele yangu, kwa upole lakini kwa uwazi, kwamba hakuna mara ya tatu: vipimo vya bawa hilo vikikataa, arudi nyumbani bila shahada. Nilimwona anakunja karatasi vipandevipande bila kujua anakunja.

Shemeji yangu wa Mpepai akafariki. Nikaenda msibani, na msiba wetu mnaujua, hauishi siku ile ya kuzika. Nikiwa huko, Profesa akalichukua bawa mpaka mjini kwenye mashine ya kutobolea, likatobolewa, likarudishwa kwa basi. Salome akalipokea, akalifunga kanga, akaliacha juu ya benchi langu, akashuka Liuli kuwaona wazazi wake mwisho wa juma ule. Yote haya nilikuja kuyajua baadaye.

Mimi nikarudi, ghala tupu. Nikafungua kanga. Bawa langu lina matundu! Madogo kama ya pini, mengi, juu karibu na mbele, yamepishana kama ngoro kwenye mteremko. Bungua, nikasema. Mnisamehe, kila mkulima wa kahawa hapa Mbinga akiona tundu kwenye mti haoni tundu, anamwona bungua, maana huyo mdudu ametumalizia mashamba. Na mtu mwenye akili zake angejiuliza: bungua gani anapima kwa rula kabla ya kutafuna? Sikujiuliza. Nilimwona Mzee Osmundi amenyanyua shoka.

Nikafanya tunavyofanya kwenye mibuni. Kwenye mbuni unachokonoa tundu kwa waya, unaweka pamba yenye mafuta ya taa, unaziba. Mimi nilichukua waya mwembamba wa breki ya baiskeli, uzi mmoja, nikachokonoa kila tundu. Hakutoka unga wa mbao. Nikasema mdudu ameshahama, mjanja huyo. Tone la mafuta ya taa kila tundu, kwa unyoya wa kuku. Kisha nta ya nyuki nimeichanganya na vumbi la paina ileile ili rangi ifanane, nikaziba, nikakwangua, nikapitisha msasa laini. Jumamosi nzima. Nilipomaliza nikafumba macho nikapapasa. Kiganja hakikuona kitu. Nilijisifu, nasema kweli, nilijisifu sana. Nikalifunga kanga kama nilivyolikuta na sikusema neno kwa mtu, kwa aibu ya kile kiapo.

Jumatatu Salome akarudi. Akalifunga bawa ndani ya bomba, akabandika vinyuzi nyuma ya mstari wa matundu, akawasha zile taa mbili kubwa za kupigia picha. Matundu yenyewe ni ya kuinamia na kukodoa macho ndiyo uyaone, na alijua yapo, kwa nini atazame? Hewa ya kupuliza ilitoka kwenye kompresa ya kujazia matairi, ikapita kwenye mpira mpaka chini ya sakafu ya bomba, ikaingia ndani ya bawa. Geji ya kompresa ilikuwa imekufa siku nyingi na tulikuwa tunasubiri nyingine. Nami kompresa nilidhani ni ya kupoza bawa na hizo taa. Mnaona jinsi watu wawili wanavyoweza kufanya kazi moja kila mmoja akiwa na yake.

Pangaboi likavuma. Salome akainua pua ya bawa. Akafika pale hewa ilipoachia zamani. Vinyuzi kimya. Akainua tena. Kimya. Akainua tena, vinyuzi vimelala kama watoto walioshiba. Alipozima mashine alipiga yowe ambalo nadhani lilifika Litembo.

"Baba! Imekubali! Baba Kasiani, imekubali!"

Akacheza, akanishika mikono, nikacheza naye na goti langu bovu. Akampigia Profesa hapohapo. Profesa akasema atakuja Alhamisi na wageni wawili, wale wanaoamua kindege kirushwe tena au kisirushwe. Nami nikajipa sifa moyoni: bawa lilikuwa linaumwa bungua, nimelitibu, limepona.

Kesho yake mchana alikuwa anarudia kipimo. Pangaboi lilipozimwa, kompresa ikawa bado inanguruma, nikasikia sauti nyingine chini ya sakafu. Sssss. Nikaingia chini kwa tumbo. Pale kwenye kiungo cha mpira, nilipopafunga mwenyewe kwa tyubu ya baiskeli, pamepasuka na hewa yote inatokea hapo. Niliweka kiganja, ikanipuliza mpaka kwenye kwapa. Nikauliza kutoka kulekule chini, "Salome, hii hewa ya kupoza taa inamwagika huku, niifunge?"

"Hewa ya kupoza nini, Baba?"

"Taa."

Akacheka. "Baba, hiyo ndiyo hewa yenyewe! Ndiyo inayotoka kwenye matundu."

"Matundu gani?"

"Ya bawa. Si yale yaliyotobolewa mjini ulipokuwa msibani? Hukuyaona?"

Nilikaa chini ya sakafu ile muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Nilipotoka nilikwenda kutazama bawa, nikapitisha kiganja. Safari hii kilikuta kitu. Nta ilikuwa imelainika kwa mafuta ya taa na joto la taa zile, kompresa ikaisukuma kutoka ndani, na kila kiziba kilikuwa kimechomoza nje kidogo, kama vipele vya baridi. Hakuna hata tundu moja lililokuwa wazi. Hewa ya Salome haikuwa imetoka hata kidogo, si jana, si leo.

Nikasema naumwa kichwa, nikaenda nyumbani. Mke wangu alikuwa anageuza kahawa kwenye kichanja. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Nikamwambia: nikinyamaza, binti anapata shahada, mimi nabaki na heshima. Nikisema, Alhamisi wageni wanaondoka, naye anarudi Liuli mikono mitupu.

"Na ukinyamaza," akasema bila kuniangalia, "hicho kindege kitabebeshwa damu kwa matundu yasiyofanya kazi?"

"Ndiyo."

"Kikidondoka?"

Nikageuka kuangalia njia ya ghalani.

"Basi kula uende," akasema. "Kiatu hujavua, unafikiri sijaona?"

Nilimkuta Salome bado yuko ghalani anaandika. Nilimwambia kila kitu, kuanzia meza ya sakristia mpaka unyoya wa kuku. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka, akaenda kwenye bomba, akainama, akapitisha kidole juu ya bawa. Alipogeuka sikumtambua uso.

"Umeniua, Baba."

"Najua, mwanangu."

"Ungeniuliza tu! Neno moja. Simu unayo!"

"Niliona aibu."

"Aibu." Akalirudia lile neno. Kisha akakaa juu ya kreti la soda, akaniamkia. Kweli, aliniamkia, "Shikamoo, Baba," jioni ile, kama ndiyo kwanza tunakutana. Nadhani hakuwa na neno lingine la kuniambia ambalo si tusi, na watoto wa ziwani wamelelewa.

Nikamwambia aseme nimemwibia, nimeharibu makusudi, chochote kitakachomwokoa. Akakataa kwa kichwa. Halafu nikaona macho yake yamerudi kwenye bawa na hayatoki hapo.

"Baba," akasema polepole, "kama hewa haikutoka, vinyuzi vililazwa na nini?"

Hilo swali mimi lisingenijia hata kwa mwaka mzima. Ndiyo tofauti ya aliyesoma na asiyesoma, na wala sioni wivu kuisema.

Alhamisi Profesa akaja na wageni wake. Salome alisimama mbele yao akasema, "Nilichomwambia Profesa kwa simu si kweli. Matundu yalikuwa yamezibwa." Mgeni mmoja akafunga begi lake palepale. Nami nikasema aliyeziba ni mimi, nikaeleza. Nilipofikia bungua, yule mwingine alianza kukohoa, nikajua anacheka. Profesa hakucheka, si kwa nje. Akalitazama bawa kwa kioo cha kukuzia, dakika nyingi. Wageni walikwenda kunywa chai na hawakurudi. Profesa akabaki. Akamwambia Salome, "Nitawaomba wakupe mpaka kahawa itoe maua. Zaidi ya hapo hata mimi sitakuwa na uso wa kuomba."

Kahawa kwetu hutoa maua mvua za kwanza zikigusa. Hesabuni wenyewe, ilikuwa miezi michache tu, na katika miezi hiyo sikumbuki kama nilikaa. Tulifungua matundu yote, tukapima hewa ikitoka kweli: ilisaidia, ila kidogo, na kompresa ilikuwa nzito kuliko kindege chenyewe. Nikatengeneza mabawa mengine matano, yasiyo na tundu, nikayaotesha vipele kama vile viziba vilivyochomoza, maana Salome alishuku ndivyo vilivyolaza vinyuzi. Vya nta, vya gundi na mchanga uliochekechwa, vya vichwa vya pini. Vikubwa, vidogo, mbele zaidi, nyuma zaidi. Vikiwa vikubwa vinaharibu, vikiwa nyuma ni kazi bure. Vikiwa vidogo na mahali pake, hewa inagutuka kidogo, inajichanganya, na badala ya kuachia inang'ang'ania bawa. Haihitaji mpira, kompresa, wala geji. Salome alipima kila bawa mara tatu, na kila usiku wa kuamkia kipimo aliniuliza kwa simu, "Baba, leo umegusa chochote?" Nilistahili.

Nyongeza kwa ninyi mnaotengeneza vipele sasa kwa ile mashine yenu ya kuchapa plastiki: nta ya nyuki wa miombo ni ngumu kuliko ya nyuki wa mashamba ya kahawa. Najua hamtaitumia, ila ijueni.

Siku ya mtihani wake Salome alikuwa mjini, mbele ya walimu watano. Mimi nilikaa ghalani na kompyuta ya Profesa mbele yangu, shati jeupe, kwa sababu walimu walitaka kumsikia fundi. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa ameng'ang'ania lile bawa la kwanza, la Jumatatu ile. Namba zake zilikuwa nzuri kuliko zote zilizofuata, na Salome alikuwa ameziandika kwenye kitabu chake lakini akakataa kuzitumia.

"Mzee," akaniuliza yule mama, "vipele vya siku ile vilikuwa na kimo gani?"

Nilijua jibu wanalolitaka. Ningetaja kimo chochote kinachoingia akilini, namba nzuri zingeruhusiwa kuingia na kitabu kingeng'aa. Nilimwona Salome kwenye kioo, mdogo kama picha ya kitambulisho.

"Sijui, Mama," nikasema. "Siku ile nilikuwa naficha. Mtu anayeficha hapimi."

Yule mama akaandika kitu. Akasema ahsante, kioo kikawa cheusi, nikabaki naangalia shati langu mwenyewe.

Simu ililia nikiwa bado nimekaa.

"Baba, nimepita."

Nikamuuliza, "Na mimi?"

"Na wewe umepita, ila wamekupa masahihisho."

"Masahihisho gani tena?"

"Wanasema ukiona tundu, uulize."

Nikamwambia nimeyapokea. Kisha nikamuuliza kama amekula.